Kuhama Chuo kwa Ajili ya Karo: Je, Mlango wa Shahada ya Juu Hufungwa?

MTU hujikuna ajipatapo. Msemo huu wa wahenga wetu unawafaa pia wazazi wa Marekani, nchi ambayo wengi wetu hudhani kila kijana husoma apendapo. Huko nako karo ya chuo kikuu humtoa mfanyakazi jasho. Baba akiachishwa kazi, au deni likizidi kimo, kijana hulazimika kukiacha chuo cha fahari na kuhamia cha serikali kilicho karibu na nyumbani. Wengine huanzia katika vyuo vya miaka miwili, ambako karo ni nafuu, ndipo wakaingia chuo kikuu.

Swali linalowakosesha wazazi usingizi ni hili: siku mtoto huyo atakapoomba nafasi ya shahada ya pili au ya udaktari, je, hataonekana kuwa mtu wa kutangatanga?

Kuhama peke yake si dosari. Chuo cha miaka miwili cha Joliet, katika jimbo la Illinois, kilianzishwa mwaka 1901. Mwaka 1960 jimbo la California liliweka mpango ambao ndani yake vyuo vya namna hiyo ni ngazi halali ya kupandia chuo kikuu. Mwanasayansi J. Craig Venter alipita ngazi hiyo hiyo. Baada ya kutumikia jeshi huko Vietnam, alianzia chuo cha San Mateo, akahamia Chuo Kikuu cha California, San Diego, na mwaka 1975 akapata shahada ya udaktari hapo hapo.

Hata hivyo, hapana budi kuyaangalia mambo matatu.

Kwanza, masomo hupotea njiani. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama kati ya mwaka 2004 na 2009 walipoteza, kwa wastani, asilimia 43 ya masomo waliyokwisha kufaulu. Anayerudia masomo hulipa mara mbili, na nafuu aliyoifuata huyeyuka. Basi na apate kwa maandishi, kabla ya kuhama, orodha ya masomo yatakayokubaliwa.

Pili, alama za zamani hazizikwi. Mara nyingi chuo kipya hupokea somo bila kuiingiza alama yake katika wastani wake. Lakini vyuo vya shahada za juu kwa kawaida hudai hati za matokeo kutoka kila chuo alikopita mwombaji, na kuficha hata kimoja ni kujiharibia.

Tatu, mashahidi. Mwombaji hutakiwa kuleta barua za walimu wanaomfahamu, aghalabu tatu. Aliyehamia mwaka wa tatu ana muda mfupi wa kufahamika. Asikae nyuma ya darasa. Na aombe mapema kushiriki katika utafiti wa walimu, wala asikate uhusiano na walimu wa chuo cha kwanza.

Katika barua yake ya maombi, sentensi moja au mbili zinatosha kueleza kwamba fedha ndizo zilizomhamisha. Umaskini si kosa la kuombea radhi. Wanaochagua watatazama zaidi alichokifanya baada ya kuhama.

Nanyi wazazi, msimfiche mtoto hali ya mfuko. Akiijua mapema atahama kwa mpango. Akiijua siku ya kufukuzwa kwa deni, atahama kwa fadhaa, na masomo yake yatabaki nyuma.