Bangi, Maumivu na Ubongo wa Mbwa: Sayansi Inasema Nini

Mbwa wa ulinzi anapofikisha umri wa miaka tisa au kumi, mwenendo wake huanza kubadilika taratibu. Huchelewa kunyanyuka asubuhi, hukwepa ngazi alizozoea kuziruka, na huweza kumfokea mtoto wa nyumbani anayemgusa kiunoni. Wengi huyaita mabadiliko hayo uzee. Mara nyingi ni maumivu: gegedu linalokinga ncha za mifupa limelika, na kila hatua inamuuma mnyama ambaye hana namna ya kulisema hilo.

Kwa mbwa wa namna hiyo, maduka ya Marekani na Ulaya yamejaa mafuta na vidonge vinavyotokana na mmea wa bangi, na matangazo yake huwafikia hata wafugaji wa Afrika Mashariki kupitia intaneti. Hoja inayotumika ni kwamba mwili wa mbwa, kama ulivyo wa binadamu, una vipokezi vya kemikali za bangi, hivyo mmea huo ni tiba ya asili kwake. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli tupu. Sehemu ya pili haitokani na ya kwanza, na kuichukulia kuwa ndiyo kunaweza kumgharimu mbwa afya yake.

Vipokezi hivyo viligunduliwa mwaka 1988, wakati Allyn Howlett na William Devane wa Chuo Kikuu cha St. Louis, Marekani, walipothibitisha kuwa ubongo wa panya una mahali maalumu pa kunasia kemikali za bangi. Kipokezi hicho kikaitwa CB1. Cha pili, CB2, kilitambuliwa mwaka 1993, nacho hupatikana zaidi katika chembe za kinga kuliko katika neva. Swali lililofuata lilikuwa la busara: kwa nini wanyama wasiokula bangi wawe na vipokezi vyake? Jibu lilianza kupatikana Jerusalem mwaka 1992, ambako watafiti walibaini kuwa ubongo hutengeneza kemikali yake wenyewe inayonasa katika CB1. Waliiita anandamidi, jina lililotokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha. Bangi, kwa hiyo, hutumia mlango ambao mwili ulijijengea kwa shughuli zake.

Shughuli mojawapo ni kudhibiti maumivu. Mbwa anapokanyaga kwa mguu wenye kiungo kilicholika, neva za mguu hupeleka taarifa hadi kwenye uti wa mgongo, ambako neva moja humwaga kemikali ili kuiamsha neva inayofuata, na taarifa ikapanda hadi kwenye ubongo. Neva inayopokea ikisisimuliwa kupita kiasi, hutengeneza papo hapo anandamidi au kemikali inayofanana nayo, nayo hurudi kinyumenyume hadi kwenye neva iliyotuma. Huko hunasa katika CB1, na umwagaji wa kemikali za taarifa hupungua. Ni sawa na mpokeaji wa simu kumwambia mpigaji apunguze sauti. Muda mfupi baadaye vimeng'enya huivunjavunja kemikali hiyo na hali hurejea ilivyokuwa. Mwili hutumia kiasi kidogo, mahali panapohitajika tu, na kwa muda mfupi tu.

Mwaka 2017, watafiti wa chuo kikuu cha tiba ya mifugo cha Hannover, Ujerumani, walichapisha uchunguzi wa mahali CB1 inapopatikana katika mfumo wa neva wa mbwa wenye afya. Waliikuta katika gamba la ubongo, katika uti wa mgongo na katika mafundo ya neva zinazopeleka hisia kutoka mwilini. Hayo ndiyo maeneo yanayopitisha maumivu, na ugunduzi huo unatoa sababu ya msingi ya kuendelea kutafuta dawa katika njia hii. Lakini CB1 ilikuwamo pia katika ubongo wa nyuma na shina la ubongo, sehemu zinazosimamia mwendo, uwiano wa mwili, mapigo ya moyo na joto. Katika maeneo hayo mbwa anatajwa kuwa na vipokezi vingi kuliko wanyama wengine waliochunguzwa, binadamu akiwemo.

Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini kemikali ya bangi inayolevya, iitwayo kwa kifupi THC, humwathiri mbwa kwa namna yake. Haichagui mahali wala haivunjwi upesi kama anandamidi, bali husambaa na kunasa kila penye CB1. Mbwa husimama miguu imetanuka, akiyumba mbele na nyuma kama aliye ndani ya mashua. Hali hiyo ilijulikana mapema mno: mwanzoni mwa karne ya 20, kabla ya kemia kuwa na vipimo vya uhakika, watengenezaji wa dawa nchini Marekani walipima nguvu ya dawa ya bangi kwa kumlisha mbwa na kuangalia anavyoyumba.

Dalili nyingine ni kuvuja mkojo, kushtuka kwa sauti ndogo, mboni za macho kutanuka, mapigo ya moyo kupungua na mwili kupoa. Aliyekula huanza kuzionesha kwa kawaida ndani ya saa moja au mbili, na anaweza kukaa nazo siku nzima au zaidi. Vifo ni vichache, lakini vimewahi kuripotiwa. Ipo imani mitaani kwamba mbwa wa ulinzi akipewa bangi, au akifukizwa moshi wake, huwa mkali na makini. Hakuna ukali katika dalili hizo. Mbwa anayeyumba na kushtukia kila kishindo hawezi kumtofautisha mwizi na mwenye nyumba, na huenda asiweze hata kukimbia.

Mafuta yanayotangazwa kwa ajili ya mbwa wenye maumivu hutegemea zaidi kemikali nyingine ya mmea huo, kanabidioli, ijulikanayo kama CBD. Hii hailevyi, kwa kuwa hainasi kwa nguvu katika CB1. Hudhaniwa kufanya kazi kupitia njia nyingine za neva na za uvimbe. Mwaka 2018, Chuo Kikuu cha Cornell kilichapisha jaribio ambamo mbwa 16 wenye ugonjwa wa viungo walipewa kwa zamu CBD ya miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku, na mafuta matupu yasiyo na dawa. Maumivu yalionekana kupungua walipokuwa kwenye CBD. Mwaka 2021, jaribio la mbwa 23 lililotumia kiwango cha juu kidogo kwa wiki sita halikuona tofauti yoyote kati ya CBD na mafuta matupu. Katika majaribio yote mawili, vipimo vya damu vilionesha kupanda kwa vimeng'enya vya ini kwa baadhi ya mbwa.

Idadi hizo ni ndogo, na maumivu ya mbwa ni kitu kigumu kupima. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2012 liliwafuatilia mbwa 58 wenye kuchechemea ambao hawakupewa dawa yoyote ya kweli. Walipimwa kwa bamba maalumu linalosoma uzito ambao mguu unabeba, na majibu yakalinganishwa na maoni ya watu. Wenye mbwa wengi, na hata madaktari, waliona nafuu ambayo bamba halikuiona. Ushuhuda wa jirani kwamba mbwa wake amepona kwa mafuta fulani unapaswa kupokelewa kwa tahadhari hiyo, hata kama jirani huyo ni mkweli.

Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani haijaidhinisha dawa yoyote ya mifugo itokanayo na bangi. Kwa Tanzania, bangi ni dawa ya kulevya chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na sheria hiyo haiachi nafasi ya mtu kuitunza nyumbani kwa sababu ya mbwa.

Mbwa mwenye maumivu ya viungo hakosi msaada. Madaktari wa mifugo hutumia dawa za kupunguza uvimbe zilizothibitishwa kwa mbwa, zikiwemo karprofeni na meloksikamu, kwa kipimo kinacholingana na uzito wake na baada ya kuangalia hali ya figo na ini. Kumpunguza unene na kumtembeza kwa kiasi kila siku huweza kuleta nafuu inayokaribia ya dawa. Kinachopaswa kuepukwa ni kabati la dawa za nyumbani: ibuprofeni na diklofenaki huweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake, na parasetamoli huharibu ini na damu.

Iwapo mbwa amekula bangi, asilazimishwe kutapika akiwa tayari anayumba, kwani matapishi huweza kuingia katika mapafu. Awekwe mahali tulivu penye joto, mbali na ngazi na maji, kisha afikishwe kwa daktari wa mifugo. Daktari aelezwe bila kuficha alichokula, kiasi gani na saa ngapi. Dalili hizo hufanana na za sumu ya panya na za magonjwa ya ubongo, na daktari asiyeambiwa hulazimika kupoteza saa za mwanzo akitafuta ugonjwa mwingine.