Kushusha Gari la Zamani kwa Nyuma: Mambo ya Kujua Kabla Kijana Wako Hajashika Spana

Kijana wa kwetu akifika miaka 16 au 17 huku Uingereza, simu yake hujaa picha za magari yaliyolala chini hadi karibu yaguse lami. Mzazi husema huo ni upuuzi, kijana hufunga mlango wa chumba chake, na mazungumzo yanaishia hapo. Mimi ni muuguzi, si fundi wa gereji. Lakini nyumbani kwetu tumeshusha gari la zamani kwa nyuma, na nimeona kwamba kazi hiyo ikifanywa kwa utaratibu ni nafasi nzuri ya kukaa na mtoto. Ikifanywa kiholela, inaua.

Gari lenyewe

Mume wangu ana MGB GT ya mwaka 1976, gari dogo la michezo. Magari ya MGB yalitengenezwa Abingdon, hapa Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na yalitoka zaidi ya 500,000. Ya mwanzo yalikuwa na bampa za chuma zinazong'aa na yalikaa chini vizuri. Mwishoni mwa 1974 mambo yakabadilika. Soko kubwa lilikuwa Marekani, na sheria za kule zilitaka bampa na taa zifikie kimo fulani. Badala ya kuchora gari upya, kiwanda kilifunga bampa nene nyeusi na kuinua gari zima kwa zaidi ya sentimita mbili. Hata magari ya kuuzwa hapa Uingereza yalitoka hivyo hivyo. Matokeo yake gari likawa linalala sana kwenye kona. Ndiyo maana wenye magari haya wengi hutaka kuyarudisha chini yalikokuwa. Si urembo tu.

Nilicheka nilipoelewa. Kwetu Tanga mjomba wangu alikuwa na pikapu, na kila mwaka fundi alimwongezea vyuma vya springi ili nyuma inyanyuke, ibebe magunia na ivuke makorongo. Springi za nyuma za MGB ni za aina ile ile: vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Sisi tunanyanyua, wenzetu wanashusha.

Pima kabla ya dawa

Wodini hatumpi mgonjwa dawa bila kupima. Gari ni vivyo hivyo. Springi za miaka karibu 50 hulegea zenyewe, na mara nyingi upande mmoja hulegea kuliko mwingine. Ukishusha bila kupima, utashusha kitu ambacho tayari kimeshuka.

Tuliliweka gari mahali pa tambarare, tukajaza upepo sawasawa matairi yote, kisha tukapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Usipime kutoka chini, kwa sababu tairi likiwa na upepo pungufu litakudanganya. Upande wa kulia ulikuwa chini kwa milimita 10 kuliko wa kushoto. Kijana aliandika kila namba kwenye daftari.

Kijana huyu ni mtoto wa marehemu dada yangu. Alikuja kwetu akiwa na miaka 14, na kwa mwaka mzima majibu yake yalikuwa "sawa" na "hamna". Gari lilipofika ndipo aliponiambia sentensi ndefu ya kwanza: "Mama mdogo, likishuka inchi mbili na nusu litapendeza sana."

Mume wangu akamjibu, "Inchi mbili na nusu, bomba la moshi litaburuza kwenye kila tuta."

Njia mbili

Njia ya kwanza ni kuweka kipande cha chuma kati ya springi na ekseli. Katika MGB ekseli inakaa juu ya springi, kwa hiyo kipande hicho kinaisukuma springi chini ya ekseli, na bodi inashuka pamoja nayo. Kipande cha milimita 25 kinashusha gari takriban milimita 25. Ni rahisi, lakini unahitaji boliti ndefu zaidi za umbo la U, kwa sababu za zamani hazitafika. Tena, kama springi zimechoka, zitabaki zimechoka.

Njia ya pili ni kununua springi mpya zilizopinda kidogo kuliko za kiwandani. Gharama ni kubwa zaidi, ila unatibu ugonjwa badala ya kutuliza maumivu. Kwa sababu pande zetu mbili zilitofautiana, tulichagua njia hii.

Kwa vyovyote vile, usizidishe. Kati ya ekseli na bodi kuna mpira wa kupokea kishindo gari linapoingia shimoni. Ukishusha mno, ekseli itaugonga mpira huo kila mara, safari itakuwa ya kuumiza mgongo, na gari linaweza kuyumba ghafla kwenye kona. Angalia pia tairi lisisugue bodi, bomba la moshi lisigongwe na ekseli, na mpira wa breki usivutwe wala kukunjwa.

Chini ya gari

Asubuhi moja nilitoka zamu ya usiku nikamkuta kijana amelala chini ya gari, na gari limeshikiliwa na jeki peke yake. Sikupiga kelele. Nilimwambia, "Baba, toka hapo chini. Taratibu." Alipotoka nilimkalisha nikamweleza jinsi mwili unavyofanya kazi. Kifua kikibanwa na uzito mkubwa hakiwezi kupanuka. Mbavu zinaweza kuwa nzima, lakini hewa haiingii, na dakika chache zinatosha. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia.

Tangu siku hiyo tulikuwa na masharti. Kazi ifanywe kwenye sakafu ngumu. Magurudumu ya mbele yawekewe vizuizi, maana breki ya mkono inashika ya nyuma tu, na hayo yatakuwa hewani. Bodi ikae juu ya stendi mbili za chuma, na jeki ibaki chini ya ekseli kwa ajili ya kuishusha na kuipandisha. Gari litikiswe kwa mkono kabla mtu hajaingia chini. Na asifanye kazi mtu peke yake nyumbani.

Baada ya kufunga

Boliti zinazopita kwenye mipira ya ncha za springi zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza gari likiwa juu, mipira itajisokota na kuchanika mapema. Baada ya safari chache, kagua tena boliti za U.

Nyuma ikishuka, pua inainuka na taa zinaelekea juu. Zirekebishwe, la sivyo utawapofusha wanaokuja. Wengi hushusha na mbele kidogo ili gari likae sawa.

Mwisho, iambie kampuni yako ya bima kwamba umebadilisha springi. Ukinyamaza, siku ya ajali wanaweza kukataa kulipa. Magari yaliyofikisha miaka 40 kwa kawaida hayalazimiki kupelekwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka hapa Uingereza, lakini sheria bado inakudai liwe salama barabarani. Sisi tunalipeleka hata hivyo.

Kilichobaki

Gari limeshuka milimita 30 na pande zote mbili ziko sawa. Kazi iliyopaswa kuchukua siku mbili ilituchukua Jumamosi sita, kwa sababu ya zamu zangu. Katika Jumamosi ya nne, akiwa anasugua kutu kwenye boliti, kijana aliniuliza mama yake alikuwaje alipokuwa na umri wake. Hakunitazama, na mimi sikuacha kumshikia tochi. Tulizungumza hadi adhuhuri.

Kama mwanao anataka kushusha gari, usianze na hapana. Muulize anataka kulishusha kwa milimita ngapi, kisha mpe futi kamba na daftari. Stendi za chuma nunua wewe.