"Pole" na "Mos": Juu ya Maneno ya Kuwaliwaza Wafiwa huko Suna

Baadhi ya wafasiri hulieleza neno "pole" kana kwamba ni kuomba radhi. Upungufu wa maelezo hayo hudhihirika msibani. Huko Suna, katika Kaunti ya Migori, Wasuna ni tawi la Abasuba, na walio wengi kati yao siku hizi husema Kijaluo. Mfiwa huambiwa "mos", na wafiwa wakiwa wengi, "mosuru". Neno hilo hilo, "mos", ndilo litumikalo kwa maana ya taratibu, kama "pole" yetu katika "nenda polepole". Yafaa kuzingatiwa kwamba lugha mbili zisizo za ukoo mmoja, ya Kibantu na ya Kiniloti, zimelingana hapo. Asemaye "pole" hajakosa lolote. Humtaka mwenziwe auchukue mzigo wake taratibu.

Wala hamkatazi kulia. Kwa desturi ya Wajaluo, mwombolezaji huingia mjini kwa marehemu akilia kwa sauti, watu hukesha kwenye moto uitwao "magenga", na "tero buru" huchezwa ili kuyafukuza mauti. Katika hali hiyo "nyamaza" au "jikaze", tuyasemayo kwa nia njema, huweza kuonekana kama kumnyima marehemu haki yake. Mwambao nao una "makiwa", salamu iliyo jirani ya "ukiwa", yaani upweke wenyewe. Kamusi zetu zingefaa kuipa "pole" ya msiba maelezo yake mbali.