Injili Iliyobebwa na Watu Wasio na Vyeo

Wahubiri wengi wakitaka kueleza wajibu wa kushuhudia huanzia Mathayo sura ya 28, pale Bwana Yesu anapowatuma wanafunzi wake kwa mataifa yote. Mimi huanzia Matendo ya Mitume sura ya 8. Stefano ameshauawa, kanisa la Yerusalemu linateswa, na waumini wanatawanyika katika Uyahudi na Samaria. Luka anataja jambo ambalo msomaji mwenye haraka hulipita: mitume walibaki Yerusalemu. Basi waliotawanyika, na waliolitangaza neno kila walikopita, hawakuwa mitume. Walikuwa akina mama na akina baba waliokimbia na watoto wao. Sura ya 11 inawafuata mpaka Antiokia, ambako baadhi yao, watu wa Kipro na Kirene, walianza kusema na Wayunani habari za Bwana Yesu. Kanisa la Antiokia, ambalo baadaye lilimtuma Paulo, lilianzishwa na watu ambao hatujui jina la hata mmoja wao.

Nafundisha historia ya kanisa, na kila ninaposoma sura hizo naiona Afrika Mashariki. Vitabu vyetu vya shule hutaja Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Rebmann, aliyeungana naye Rabai miaka miwili baadaye. Walistahili kutajwa. Krapf alimzika mkewe na mtoto wao mchanga Mombasa miezi michache tu baada ya kufika, na bado hakukata tamaa. Lakini kwa miaka mingi waliobatizwa Rabai walikuwa wachache mno. Imani ilienea kwa kasi pale tu wenyeji walipoichukua mikononi mwao wakaanza kupelekeana wao kwa wao.

Tazama Buganda. Wamisionari wa Kianglikana walifika mwaka 1877, Mapadre Weupe mwaka 1879. Mwishoni mwa 1882 Mapadre Weupe waliondoka, wakahamia kusini mwa ziwa, na hawakurudi mpaka 1885. Kwa muda wote huo Wakatoliki wa Buganda hawakuwa na padre hata mmoja. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwafundisha vijana wa ikulu ya kabaka, na Matia Kalemba Mulumba akawafundisha watu wa upande wa Mityana. Mapadre waliporudi walikuta waumini na wanafunzi wameongezeka. Mwaka uliofuata, mateso yalipopamba moto, Karoli Lwanga, mlei, ndiye aliyembatiza usiku kijana Kizito, mwenye umri wa miaka 14 hivi, kabla hawajapelekwa Namugongo kuuawa. Tunawakumbuka mashahidi wale kila tarehe 3 Juni kwa jinsi walivyokufa. Ningependa tuwakumbuke pia kwa kazi waliyofanya walipokuwa hai: walikuwa walimu wa dini wasio na cheo kanisani.

Lakini kama ningeruhusiwa kumweleza msomaji habari za mtu mmoja tu, ningemchagua Apolo Kivebulaya. Alizaliwa Buganda miaka ya 1860, akawahi kuwa Mwislamu, akawa askari. Alibatizwa mwaka 1895, na kabla mwaka huo haujaisha alikuwa Toro akifundisha. Mwishoni mwa 1896 alivuka bonde la mto Semliki, akapanda upande wa pili mpaka Mboga, nchi ambayo leo ni Kongo. Walimu waliomtangulia walikwisha kuondoka, kwa kuwa Chifu Tabaro aliwanyima chakula. Apolo alishika jembe. Alilima shamba lake mwenyewe, akala jasho lake, na jioni akawafundisha kusoma wale waliokuja.

Kisha ukatokea msiba. Dada yake chifu alikufa kwa kujikwaa na kuchomwa na mkuki wakati wa shughuli za ujenzi, na Apolo akashtakiwa kwa kifo chake. Alipelekwa Toro kwa ofisa wa Kiingereza akafungwa. Alisimulia baadaye kwamba katika dhiki ile alimwona Kristo akimtia moyo. Alipoachiliwa hakurudi kwao Buganda, ambako angepata parokia nzuri na watu wanaomjua. Alirudi Mboga, kwa chifu yuleyule. Na hatimaye Tabaro mwenyewe aliomba ubatizo, akaitwa Paulo.

Hapo ndipo nguvu ya ushuhuda wa Apolo ilipokuwa, kwa maoni yangu. Hatuna hotuba yake yoyote maarufu. Watu wa Mboga waliona mtu aliyetendewa ubaya anarudi bila kinyongo, wakataka kujua amepata wapi moyo wa namna ile. Alipewa daraja la upadre mwaka 1903, akafanya kazi pande zote mbili za mpaka, na baadaye akaingia msitu wa Ituri kwa Wambuti, watu ambao majirani zao wengi waliwadharau. Akashughulikia Injili ya Marko ipatikane kwa lugha yao. Hakuoa, hakujikusanyia mali. Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933, na aliagiza azikwe kichwa kikielekea msitu wa magharibi badala ya kwao Buganda, kwa sababu kazi ya upande huo ilikuwa haijakwisha. Kanisa la Anglikana la Kongo linahesabu mwanzo wake kutoka kwake.

Wapo waliohubiri kwa taaluma zao. Adrian Atiman alitekwa utumwani akiwa mtoto huko karibu na Timbuktu, akakombolewa, akasomea utabibu Malta, kisha akaletwa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Akaoa hapo, akazeeka hapo, akitibu wagonjwa na kufundisha katekisimu kwa zaidi ya miaka 60, hadi kifo chake mwaka 1956. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba dini ya Atiman inamjali mwanadamu.

Uamsho wa Afrika Mashariki nao ulitembea hivyohivyo. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini nchini Rwanda, walikutana Namirembe wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto ule ulitoka Gahini ukaenea Uganda, Burundi, Kenya, na kupitia Bukoba ukaingia Tanganyika. Waliookoka walitembea vikundi vikundi, wengi wao wakiwa watu wa kazi za kawaida, wakieleza waziwazi dhambi walizotenda na neema waliyoipata. Na hawakuishia kueleza. Walirudisha fedha walizoiba, wakalipa madeni yaliyosahaulika, wakawaomba radhi wake zao na watumishi wao. Nafikiri hakuna mahubiri yanayomshtua jirani kama kuona mtu anamrejeshea mali ambayo yeye mwenyewe alikwisha kuikatia tamaa.

Ninaandika haya kwa sababu naona tumeanza kuiacha njia hiyo. Leo katika miji yetu kushuhudia kumekuwa kazi ya mhubiri mwenye jukwaa, vipaza sauti na mabango. Muumini anachanga fedha, anakaa kwenye kiti cha plastiki, anaimba, anarudi nyumbani, na mpangaji wa chumba cha pili hajui hata kanisa analosali. Sipingi mikutano ya injili. Wengi wameokolewa viwanjani, nami namshukuru Mungu kwa ajili yao. Ninachopinga ni wazo kwamba mkutano ule unamlipia muumini deni lake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulieleza wazi, mwaka 1965, kwamba utume wa walei unatoka katika ubatizo wao wenyewe. Makanisa ya Kiprotestanti, yanayofundisha ukuhani wa waamini wote, hayana kisingizio zaidi.

Wengi huniambia wanaogopa kuwaudhi majirani wa dini nyingine. Hofu hiyo ina sababu, maana wapo waliowaudhi kweli, kwa kutukana vitabu vya wengine mbele ya umati na kuita jambo hilo uinjilisti. Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, anawataka waumini wawe tayari kumjibu yeyote anayeuliza sababu ya tumaini lao, na wajibu kwa upole na heshima. Maagizo hayo yanadhani kwamba kuna anayeuliza. Mtu haulizwi habari za tumaini ambalo halionekani kwake, na aliyeulizwa hana sababu ya kugombana. Katiba ya Tanzania nayo, katika ibara ya 19, inaacha kueneza dini kuwe huru na kwa hiari ya mtu binafsi. Anayempa mgonjwa dawa kwa sharti la kubadili dini ameivunja hiari hiyo, na ameidhalilisha Injili pia.

Haraka nayo inatuponza. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, aliagiza wakatekumeni wafundishwe miaka minne kabla ya ubatizo, na wamisionari wake wenyewe mara nyingine walilalamika kwamba ni mirefu mno. Sidai turudi kwenye hesabu hiyo. Lakini miaka ile ilimpa mwanafunzi nafasi ya kumwona mwalimu wake akiwa mgonjwa, akiwa amefiwa, akiwa na hasira, akiwa na deni. Leo tunahesabu mikono iliyoinuliwa Jumapili jioni, na Jumatatu hakuna aliyepangiwa kumtembelea hata mmoja wao. Kanisa linalotaka kuanza upya lisianze kwa kukodi uwanja. Lianze kwenye jumuiya ndogondogo na ibada za nyumba kwa nyumba, kila aliyeokoka akabidhiwe kwa muumini mmoja anayekaa mtaa mmoja naye, asome naye Injili ya Marko kuanzia sura ya kwanza, na aendelee kumtembelea hata kama ataacha kuja kanisani.