Baba, Mwana na Gitaa Lililochomwa Moto

Filamu ndogo kutoka Agadez yenye mazungumzo makubwa kwa wazazi

Ukurasa huu wa familia si mahali pa kuzungumzia kila filamu ya muziki inayotoka. Nyingi kati yake haziwezi kutazamwa na baba, mama na watoto wakiwa wamekaa pamoja, wala hazikukusudiwa hivyo. Lakini mara chache hutokea kazi ambayo, ingawa inahusu magitaa na mashindano ya wapiga muziki, kiini chake ni jambo linalozikabili nyumba zetu wenyewe. Miongoni mwa hizo ni filamu iliyotengenezwa kwa fedha kidogo sana katika mji wa Agadez, kaskazini mwa Niger, na kutolewa mwaka 2015. Waigizaji wake ni watu wa jamii ya Watuareg, ambao ni Waislamu. Lugha yake ni Kitamasheki. Na mgogoro wake mzito kuliko yote ni ule ulio baina ya baba mcha Mungu na mwanawe aliyelipenda gitaa.

Filamu hiyo inaitwa Akounak Tedalat Taha Tazoughai, yaani mvua ya rangi ya buluu yenye wekundu kidogo ndani yake. Jina refu kiasi hicho lina sababu yake. Mwongozaji, Mmarekani Christopher Kirkley, alikusudia kuihamishia jangwani hadithi ya Purple Rain, filamu ya mwaka 1984 aliyoigiza mwanamuziki Prince. Kitamasheki hakina neno moja la rangi hiyo. Sisi Waswahili tuliazima jina la tunda tukaiita zambarau. Watuareg waliieleza kwa kuzitaja rangi mbili zinazoizaa.

Hadithi yenyewe

Mhusika mkuu ni Mdou Moctar, mwanamuziki wa kweli anayeigiza maisha yanayokaribiana na yake. Ni kijana mwenye kipaji na asiye na kitu, anayezunguka Agadez kwa pikipiki ya rangi ya zambarau akitafuta nafasi miongoni mwa wapiga gitaa wa mji. Nafasi hiyo haipatikani kwa urahisi. Wapo wenzake wenye wivu wasiotaka apande, na mkubwa wao ni hasimu aitwaye Kader. Yupo binti aitwaye Rhaicha ambaye moyo wa kijana umemwelekea. Na zaidi ya hao yupo baba yake, asiyetaka kabisa kumwona mwanawe na gitaa mkononi. Siku moja mzee analichukua gitaa hilo na kulichoma moto.

Mwisho wa kisa hatutausimulia hapa, ili tusimwondolee msomaji ladha ya kuutazama mwenyewe. Inatosha kusema kwamba moto ule haukuumaliza ugomvi.

Ni vyema tuangalie kilichobadilishwa hadithi ilipotoka Marekani kuja Agadez. Katika Purple Rain, baba ni mtu mwenye mkono mwepesi anayempiga mkewe, na kijana anakimbilia ukumbi wa starehe kuikwepa nyumba yenye vurugu. Katika filamu ya Agadez, ukumbi wa starehe hakuna. Muziki unapigwa uani, katika vyumba vya udongo na mbele ya hadhara ya watu wa mjini. Baba naye hakufanywa kuwa jeuri. Amefanywa kuwa mtu wa dini anayemwogopea mwanawe.

Badiliko hilo ndilo linaloipa filamu uzito. Baba jeuri ni rahisi kumhukumu, na mtazamaji huwa upande wa mtoto tangu mwanzo. Lakini baba anayemtakia mwanawe heri, anayeogopa kwamba gitaa litamvuta kwenye ulevi na marafiki wabaya, huyo hatuwezi kumpita kwa kumlaani. Wengi wetu tumekuwa yeye, au tumelelewa naye.

Hofu ya baba ina mizizi

Kumwelewa mzee huyo kunahitaji kuujua mji wake. Agadez ni mji wa kale wenye sultani wake, uliojengwa kwa udongo, na mnara wa msikiti wake mkuu una urefu wa mita 27. Ujenzi wa mnara huo unarejeshwa kwenye mwaka 1515, na mwaka 2013 UNESCO iliuingiza mji mkongwe wa Agadez katika orodha ya urithi wa dunia. Hapo ni mahali ambapo elimu ya dini na heshima ya wazee vina historia ndefu.

Gitaa, kwa upande wake, lilifika kwa njia ya tabu. Ukame mkali wa miaka ya 1970 na ule wa 1984 uliangamiza mifugo ya Watuareg, na vijana wengi wakavuka mipaka kwenda Algeria na Libya kutafuta riziki. Waliitwa ishumar, neno lililotokana na neno la Kifaransa lenye maana ya mtu asiye na kazi. Huko ugenini ndiko walikoyachukua magitaa na kuimba juu ya kiu, upweke na nchi waliyoiacha. Miaka ya 1990, Watuareg walipoingia vitani dhidi ya serikali za Mali na Niger, nyimbo hizo zilisambaa kwa kanda za kaseti zikiwa na wito wa mapambano. Kwa hiyo mzee wa Agadez anapolitazama gitaa, haoni ubao na nyaya tu. Anakumbuka vijana walioondoka na wasirudi, kazi isiyo na mshahara, na vita.

Hata hivyo, mji huohuo umewahi kulipa gitaa nafasi ya heshima. Januari 2010, baada ya uasi mwingine uliodumu kuanzia 2007 hadi 2009, mpiga gitaa Bombino alirejea nyumbani na kupiga muziki mbele ya mkusanyiko mkubwa karibu na msikiti mkuu, kwa ridhaa ya sultani, kusherehekea amani. Chombo kilichohusishwa na vita kikatumika kuwakusanya watu baada ya vita.

Wasomaji wa gazeti hili wanafahamu kwamba wanazuoni wametofautiana kuhusu ala za muziki. Wapo wanaozikataza, wapo wanaoruhusu dufu pekee, na wapo wanaotazama maneno yanayoimbwa, mahali na mwenendo wa wahusika. Makala haya hayana mamlaka ya kuikata hukumu hiyo, na kila familia ina mwalimu wake wa kumuuliza. Jambo tunaloweza kulisema ni kwamba, hata nyumba iliyokwisha kuchagua msimamo wake, bado inabaki na swali la pili: mzazi aufikishe vipi msimamo huo kwa mtoto wake bila kumpoteza?

Maisha ya kweli nyuma ya filamu

Mdou Moctar, ambaye jina lake halisi ni Mahamadou Souleymane, hakuhitaji kufundishwa namna ya kuigiza upinzani wa nyumbani. Alikulia katika mazingira ya dini ambako muziki wa magitaa ulitazamwa kwa jicho baya. Alimwona mpiga gitaa mashuhuri Abdallah Oumbadougou na moyo wake ukashikwa. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kumnunulia gitaa, alijitengenezea mwenyewe kwa vipande vya mbao, akatumia nyaya za breki za baiskeli badala ya nyuzi. Akajifunza peke yake, kwa mkono wa kushoto.

Mwaka 2008 alirekodi nyimbo zake katika mji wa Sokoto, Nigeria. Hazikuuzwa madukani. Zilisambaa kutoka simu moja hadi nyingine, kwa kadi za kumbukumbu, sokoni na safarini, mpaka zikavuka jangwa. Hivyo ndivyo alivyojulikana bila kupata malipo ya maana, na hivyo ndivyo Kirkley, aliyekuwa akikusanya muziki uliohifadhiwa kwenye simu za watu wa Sahara, alivyoisikia sauti yake na kuanza kumtafuta mwenyewe.

Filamu ilizaliwa kutokana na ushirikiano huo. Purple Rain iligharimu zaidi ya dola milioni 7. Hii ya Agadez ilitegemea kwa sehemu michango ya watu wa kawaida iliyokusanywa kupitia intaneti. Hakukuwa na jukwaa la kifahari wala waigizaji waliosomea kazi hiyo. Walioigiza ni wanamuziki na wakazi wa mji, na sehemu kubwa ya mazungumzo waliitunga wao wenyewe. Upungufu wa fedha unaonekana. Baadhi ya sehemu zinakwenda polepole, na baadhi ya waigizaji wanaona haya mbele ya kamera. Lakini watu wale wanazungumza kama wanavyozungumza nyumbani kwao, wanakunywa chai kama wanavyoinywa kila siku, na kijana anapokemewa na mzee wake, macho yanayoinama ni macho ya mtu aliyelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Mapenzi yamo, ila yanaelezwa kwa namna tofauti kabisa na ya filamu iliyoigwa.

Baada ya hapo njia ilimfungukia. Mwaka 2021 albamu yake Afrique Victime ilisikilizwa mbali na jangwa lake, na ndani yake alizungumzia madhila ya ukoloni wa Ufaransa na jeraha la Afrika. Mapinduzi ya kijeshi yalipotokea Niger Julai 2023, yeye na wenzake walikuwa Marekani kwa maonyesho na wakakwama huko, mbali na familia zao. Kijana aliyejengea gitaa kwa nyaya za breki alikuwa amekuwa mtu ambaye watu wa mbali wanamsikiliza anapowasemea wa kwao, naye bado anaimba kwa Kitamasheki.

Nini kifanywe nyumbani

Si kila mtoto anayependa gitaa atakuwa Mdou Moctar, na mzazi asidanganywe na hadithi za waliofanikiwa. Kwa kila mmoja aliyefika, wapo wengi walioachwa njiani, bila elimu na bila kazi. Mzee wa Agadez hakukosea kuogopa. Tunachoweza kuuliza ni kama aliipa hofu yake jina sahihi. Alichokiogopa ni ulevi, kundi baya na mtoto kuzama asikorudi. Alichokichoma ni mbao. Mambo aliyoyaogopa yalibaki nje ya nyumba kama yalivyokuwa, na mtoto akabaki na sababu moja zaidi ya kutokaa na baba yake.

Mzazi anayelikabili jambo hili, liwe ni muziki, mpira, uchoraji au kazi ya kamera, ana maswali ambayo moto hauwezi kuyajibu. Unakwenda na nani? Mnakutana wapi, na saa ngapi? Swala zako ziko wapi katika ratiba hiyo? Unaimba maneno gani, na je, ungeweza kuyaimba mbele ya mama yako? Kijana anayeulizwa maswali haya kwa utulivu anajua mpaka uko wapi. Kijana anayevunjiwa chombo chake anajifunza tu kukificha kingine kwa rafiki.

Mtoto naye ana wajibu wake. Anayetaka kuaminiwa na aanze kwa kutoficha: awatambulishe marafiki zake nyumbani, asiiache shule, arudi kwa wakati, na akubali kwamba mzazi anayekataa jambo huenda ameona mwisho wake kwa wengine. Kipaji hakimwondolei mtu deni la adabu kwa waliomlea.

Filamu yenyewe haizidi saa moja na robo au karibu na hapo, na ina maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha, hivyo watoto wadogo watahitaji mtu wa kuwasomea na kuwaeleza. Mzazi aitazame kwanza peke yake, kisha aamue kama inaifaa nyumba yake. Akiona inafaa, asiwaachie vijana waiangalie wenyewe chumbani. Akae nao, na pale gitaa linapowaka awaulize kila mmoja angefanya nini kama angekuwa yule mzee, na angefanya nini kama angekuwa yule kijana. Awasikilize hadi mwisho kabla ya kutoa jibu lake.