Uzito wa Mzigo na Unga wa Matairi katika Bonde la Rukwa

Mpunga na mahindi yakisha kuvunwa katika kata ya Mamba, Halmashauri ya Mpimbwe mkoani Katavi, huja malori ya wafanyabiashara wa mazao, yakapakiwa hadi juu ya bodi, kisha yakashika njia ya Kibaoni, ama kuelekea Sumbawanga, ama kwenda Mpanda kwa kupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Aghalabu watu huulaumu moshi wake, kwa kuwa moshi una rangi na harufu; ilhali ipo taka nyingine isiyotoka katika bomba, ambayo huzidi kadiri mzigo unavyozidi, nayo ni unga wa matairi.

Tairi haliwezi kushika barabara pasipo kusuguana nayo, na katika kusuguana huko humeguka chembe ndogo mno, zenye mpira wa mti, mpira wa viwandani utokanao na petroli, masizi, zinki, na dawa zitiwazo ili tairi lisipasuke kwa jua na hewa. Makadirio ya wataalamu ya mwaka 2017 yalisema kwamba dunia nzima hutoa takriban tani milioni 6 za unga huo kila mwaka. Na mwaka 2020 wanasayansi wa jimbo la Washington, Marekani, waliokuwa wakitafuta sababu ya samaki aina ya samoni kufa katika vijito vya mijini kila mvua inyeshapo, walibainisha kwamba dawa moja ya matairi, iitwayo 6PPD, ikikutana na hewa ya ozoni hugeuka sumu, na mvua ikiiosha kutoka barabarani huwaua samaki hao kwa muda wa saa chache tu. Si kila samaki adhurikaye hivyo, kwani wako jamaa zao wa karibu walioonekana kuistahimili. Lakini khabari hiyo yatosha kututia hadhari.

Maana hapa petu maji yana njia yake. Mto Katuma huingia katika ziwa Katavi na ziwa Chada ndani ya hifadhi, kisha maji hayo hushuka kwa mto Kavuu, yakalitelemkia bonde la Mpimbwe hadi Ziwa Rukwa. Na Ziwa Rukwa halina mto utokao kwenda baharini. Maji yake hupungua kwa kufukizwa na jua, na jua halichukui zinki wala mpira.

Ama uzito, madhara yake hayaendi sawa kwa sawa na tani. Kati ya miaka 1958 na 1960, huko Illinois, Marekani, malori yalizungushwa juu ya barabara za majaribio, na hesabu iliyopatikana ni kwamba uharibifu wa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeiwekea ekseli moja ya matairi manne kikomo cha tani 10, na gari zima tani 56. Basi ekseli hiyo ikibebeshwa tani 12, uzito umezidi kwa sehemu moja ya tano tu, lakini barabara imeumizwa mara mbili. Na barabara iliyochimbika nayo hulichana tairi, hasa lenye upepo pungufu au lililokwisha kuwa kipara.

Kwa rai yangu, chanzo cha kuzidisha mzigo huku ni lumbesa. Gunia lihesabiwalo kuwa la kilo 100 hushindiliwa na kuongezewa kilemba hata likafika kilo 120; mkulima hulipwa gunia moja, na dereva, akidhani amepakia tani 10, huondoka na 12. Sheria ya Vipimo imekwisha kuikataza, lakini mizani ya barabarani iko mbali na shamba, na mpaka lori liifikie, bonde limekwisha kupokea unga wake.

Hata magari ya umeme, yasiyo na moshi, hayakusalimika, kwani betri zake ni nzito. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya, katika kanuni zake za mwaka 2024, umeuwekea mipaka ulaji wa matairi.

Nawasihi basi Wakala wa Vipimo na serikali za vijiji waweke mizani pale pale yanapopakiwa mazao, Mamba na Majimoto, kabla ya mavuno yajayo. Na mkulima asikubali gunia lake lishonwe kabla halijapimwa.