Mtaa wa wakwasi uliotaka kuwa jiji

Katika jiji la Atlanta, jimbo la Georgia nchini Marekani, kuna mtaa wa wakwasi uitwao Buckhead. Mwaka wa 2021 baadhi ya wakazi wake walianza kampeni ya kuutoa mikononi mwa Atlanta, uwe jiji lenye meya na polisi wake. Walidai kwamba uhalifu umezidi, na kodi wanazolipa haziwaletei ulinzi.

Naam, mtu aliyeporwa mlangoni pake ana haki ya kulalamika. Lakini dawa waliyoitaka ingewaua wengine. Buckhead ina takriban mkazi mmoja kati ya kila watano wa Atlanta, ilhali mali zake ni karibu asilimia 40 ya thamani yote inayotozwa kodi jijini. Fungu hilo likiondoka, nani angelipa mikopo iliyochukuliwa na jiji zima? Na watoto wa Buckhead waliokuwa katika shule za umma za Atlanta wangekwenda wapi? Isitoshe, kura ya maoni ingepigwa na wakazi wa Buckhead peke yao! Hao wengine ambao mifuko yao ingetobolewa wangebaki kutazama tu.

Kinachoshangaza zaidi ni historia. Buckhead iliingizwa Atlanta mwaka wa 1952. Meya William Hartsfield, mzungu, aliupigania sana mpango huo, na sababu mojawapo ilikuwa hofu kwamba watu weusi wangekuwa wengi mjini na kutwaa uongozi. Kura za wazungu wa Buckhead zilihitajika, nao wakakaribishwa. Tangu 1974 mameya wote wa Atlanta wamekuwa weusi, na sasa mtaa ule ule ukataka kufunga virago. Msomaji ataamua mwenyewe kama uhalifu ndio uliokuwa sababu pekee.

Meya Andre Dickens, aliyeapishwa Januari 2022, hakuwatukana. Alitangaza kufunguliwa kwa kituo kipya cha polisi huko huko Buckhead, huku akiwasihi wabunge wa jimbo wasiligawe jiji. Hata afisi ya Gavana Brian Kemp, wa chama cha Republican, iliuliza maswali makali kuhusu mikopo na katiba.

Mnamo Machi 2, 2023 mswada ulifika mbele ya Seneti ya Georgia, ambako Republican ndio wengi. Maseneta 10 wa chama hicho waliungana na Democrats wote, ukaangushwa kwa kura 33 dhidi ya 23.